Roho Iliyodondoka Jikoni

Jumanne, 10 Juni

Leo mashine imeingia nyumbani. Siitaki, lakini imeingia. Mwalimu Tomoyose kaileta mwenyewe — kompyuta, kipaza sauti, nyaya kama utumbo wa samaki. Anataka akili mnemba ijifunze Kiokinawa cha kijiji chetu, lugha ya kale ya kisiwa hiki, kutoka kwa mama mkwe wangu, Mama Kamadu. Wenzake waliokijua vizuri wako makaburini. Mimi mkamwana wake ni mzaliwa wa mjini Naha: nasikia nusu, kusema siwezi. Akiondoka yeye, basi.

Kabla ya kutamka neno Mama aliinuka, akafunga madirisha yote. Joto la Juni hili! Mwalimu akatoka jasho mpaka kwenye upara. Nikamweleza ndivyo alivyo. Alikuwa mtoto wakati wa vita, na wanajeshi wa Japani walisema anayeongea lugha hii ni jasusi. Mjomba wake alichukuliwa shambani kwa salamu tu, hakurudi. Tangu hapo Kijapani ni cha madirisha wazi, Kiokinawa ni cha madirisha yaliyofungwa.

"Na hiki," Mama akauliza akikinyooshea kidole kipaza sauti, "kinamsikilizia nani?"

"Wajukuu, Mama," Mwalimu akajibu.

"Wajukuu gani wanavaa waya?"

Tulicheka. Mimi nilicheka mdomoni tu. Mimi na woga tumezaliwa tumbo moja.

Alhamisi, 12 Juni

Mama kazoea! Kaitukana mashine, kaiimbia, kaiuliza kama imekula. Sala za mungu wa jiko kakataa kutoa — hizo ni za jikoni, si za watu. Lakini maneno ya kuita roho katoa. Mtu akishtuka sana roho humdondoka, ikabaki palepale, mpaka aje anayejua kuiita. Hapa kijijini anayejua ni yeye. Kasema acha yabaki, watu hawataacha kushtuka.

Katikati ya maneno ndege ya kivita ya kambi ya Wamarekani ikapita juu ya paa. Vyombo vikatetemeka. Mama akaendelea kusema tu. Nani hapa ananyamazia ndege? Tungekuwa mabubu wote. Nilipomwambia Mwalimu tumwombe arudie, Mama alishaanza kukata karela. Mwalimu akasema haina shida, mashine itajua.

Itajuaje? Sikuuliza.

Jumatano, 18 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mwalimu kaja jikoni, furaha tele. "Mama, leo inaongea!" Akabonyeza. Na ikaongea — kwa sauti ya Mama! Yake kabisa, na mkwaruzo wake. Inamwamkia, inamwuliza kama amekula.

Madirisha yalikuwa wazi. Yote. Hakuna aliyekumbuka. Sauti yake ikatoka mpaka barabarani, kwa lugha ile.

Kikombe cha chai kikamponyoka Mama. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Nimemwita, nimemwita tena. Hajibu.

Ijumaa, 20 Juni

Mama hali, hasemi. Anatazama pale kikombe kilipoangukia. Daktari kasema presha nzuri, moyo mzuri, ni umri tu. Daktari wa Tokyo huyo.

Yoneko wa jirani hakuhitaji hata kuvua viatu. Alimtazama tokea mlangoni.

"Setsuko, huyu kadondosha roho."

"Najua."

"Kaa hapo na najua yako! Tafuta mtu amwitie."

"Nani? Mwitaji si ndiye yeye?"

Yoneko kavua viatu, kaingia, kaketi kando ya Mama. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Kisha kasema yuko mwitaji kijiji cha pili, ila maneno yao mengine. Roho ya hapa itayasikia isijue kuwa ni yenyewe inayoitwa. Na roho ikikawia nje, mwili huifuata.

Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumapili, 22 Juni

Mama kala kijiko cha uji. Kautema.

Nimempigia Mwalimu, kaja mbio. Macho mekundu, maskini. Tumesikiliza ndani ya gari lake, Mama asisikie. Kwanza rekodi ya siku ile: mwanzo safi, kisha ndege, ndege tupu, kisha mwisho. Halafu akaniwekea ya mashine. Maneno yote yanatiririka. Ndege hakuna.

Nikamwuliza katikati imepatoa wapi.

"Imejaza," kasema, anasugua upara.

"Imejazaje?"

"Kwa kufuata maneno yake mengine. Huenda ni yaleyale. Huenda siyo."

"Na wa kutuambia ni nani?"

Akatazama dirisha la jikoni kwangu. Mtu pekee anayeweza kusema kama maneno ni ya kweli ndiye anayetakiwa kuitwa! Nikiita kwa maneno ya kubuni, itakuja roho ya nani? Au itaingia kwenye mashine — si sauti yake imo humo tayari? Naogopa. Naandika tena: naogopa.

Jumatatu, 23 Juni

Siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Saa sita mchana kisiwa kizima kilinyamaza, nasi tukanyamaza.

Roho huitwa palipodondokea, kwa hiyo jikoni. Nimetandaza blauzi yake, nimeweka wali, chumvi, maji. Madirisha wazi, ipate pa kuingilia. Yoneko kamshika Mama mabega. Mwalimu nimemwacha nje; simu yake yenye sauti ya mashine ninayo mimi.

Nikaiwasha. Sauti ya Mama ikatoka, nami nikaifuatisha, ulimi unajikwaa. Roho, roho, nifuate, turudi nyumbani. Huu ni mwanzo, huu ni wake, niliusikia kwa masikio yangu. Tukafika pale ndege ilipopita.

Nikazima.

Sikuweza! Yoneko kanifokea: "Malizia, we mwanamke! Unaiacha roho njiani?" Kumalizia siwezi, kuacha siwezi. Nimekaa mezani naandika, maana nisipoandika nitapiga mayowe.

Mama amesogea.

Yoneko ameondoa mikono. Mama ameinuka mwenyewe, ameshika ukingo wa meza. Hatutazami. Amekwenda dirishani. Amelifunga.

Sasa la pili. "Anaogopa tena," Yoneko ananong'ona. "Mzuie, roho itapita wapi?" Lakini Mama hufunga madirisha akitaka kusema! Au akitaka kujificha. Yote mawili nimeyaona.

Amefunga la tatu. Limebaki dogo la juu ya jiko. Ananyoosha mkono, haufiki. Amegeuka. Ananitazama mimi — mara ya kwanza tangu kikombe kile — ananitazama, anangoja nilifunge. Naweka kalamu chini.