Vidole vya Mama Havikukandwa na Mama

Mpendwa Mshauri,

Kwa miaka arobaini na mitatu nimeificha familia yangu jambo moja, na sasa nina miaka themanini na moja, moyo wangu daktari anasema unafanya kazi kwa hisani tu, kwa hiyo naomba msaada wako kabla sijaondoka nalo: ile mikate laini ya kitunguu saumu ambayo watoto wangu, wajukuu wangu na nusu ya mtaa wanaiita "vidole vya mama", mama yao hakuikanda hata siku moja. Niliikanda mimi.

Unisamehe mwandiko. Mkono unatetemeka, ila leo hautetemeki kwa ugonjwa bali kwa furaha, na nitakueleza kwa nini.

Nilikuwa mwalimu mkuu. Nikiwa chuo cha ualimu nilipanga chumba nyuma ya duka la mwokaji mikate, mtu mnene mwenye kelele, naye akanifundisha kukanda kila Jumapili asubuhi, maana alisema msomi asiyejua kukanda atashiba maneno, nami nikaipenda kazi ile kuliko hesabu niliyokuwa naisomea. Lakini nilipooa na kupewa shule niliona haya. Mwalimu mkuu, mwenye tai, avae aproni? Mama watoto alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, Jumamosi asubuhi anarudi macho mekundu na kusinzia kwenye kiti cha jikoni huku mimi nakanda, basi nikabuni masomo ya ziada ya Jumamosi kwa shule nzima ili wanangu wasiwepo nyumbani, watoto mia nne wakakosa kucheza kwa miaka na miaka kwa sababu ya mikate yangu, na mzazi mmoja hata alisimama mkutanoni akanishukuru kwa kujitolea. Saa sita wanangu wakirudi, mimi niko sebuleni na gazeti, na mama yao nimeshampaka unga kwenye paji la uso kwa kidole changu mwenyewe, hata hajaamka vizuri.

"Mama, leo umetupikia vidole!"

Naye anapiga miayo, anasema, "Kuleni, wanangu."

Miaka mitano iliyopita binti yangu wa kwanza, fundi cherehani, mtu wa vipimo, alikuja na daftari akamwambia mama yake, "Mama, leo huinuki hapo mpaka unitajie kila kitu." Mama yake akanitazama. Nikainua gazeti. Basi akaanza kubuni, masikini, mtu aliyejua kupima dawa ya sindano mpaka tone la mwisho lakini unga hajawahi kuupima: unga vikombe vitano, hamira kidogo, maji kikombe kimoja, ukishashikana umemaliza, oka saa nzima mpaka uwe wa kahawia. Binti akaandika yote, akapiga na mstari chini.

Mama watoto alitutoka mwaka jana. Tangu hapo kila Jumamosi binti anakuja kwangu na daftari lile, na kila Jumamosi vinatoka vigumu. Mdogo wake, fundi umeme, alikigonga kimoja mezani akasema, "Dada, hivi ni vidole au ni miguu ya kiti? Nipe viwili nikaegemeze ngazi." Tulicheka sote. Lakini wiki tatu zilizopita sikucheka. Binti alikuwa anasugua trei, akadhani nimelala kitini, akamwambia mdogo wake, "Mama alinibania."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nimeandika uongo neno kwa neno, naye ameketi ananiangalia. Hebu niambie wewe, mzazi gani anamdanganya mwanawe juu ya mkate? Hakutaka niwe nao, basi."

Nilikuwa macho, Mshauri. Nikaendelea kufumba macho.

Sasa ile furaha! Jumamosi iliyopita kiwiko chake kiligonga jagi la maziwa ya chai yangu, yakiwa bado vuguvugu, yakamwagika ndani ya bakuli, na donge likawa laini, likawa linang'aa, likaanza kunata vile vile linavyotakiwa, nami pale kitini moyo mbovu huu ukadunda kama wa kijana, nikasema kimoyomoyo, amepata, amepata, kisha nikamwona anachota unga, konzi ya kwanza, konzi ya pili, ya tatu, nikataka kupiga kelele kama shabiki anayeona goli liko wazi na mchezaji anapaisha mpira! Hatua moja tu, Mshauri! Unga ni vikombe vitatu, si vitano, maziwa ya vuguvugu kikombe kimoja kilichojaa mpaka ukingoni, vuguvugu la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, hamira vijiko viwili vidogo, sukari vijiko viwili vikubwa, chumvi kijiko kidogo, siagi laini vijiko vitatu vikubwa, kisha ukande dakika kumi na usiongeze unga hata donge likikung'ang'ania kama mtoto siku ya kwanza ya shule, ufunike mpaka liumuke liwe mara mbili, ukate vipande kumi na viwili, uviringishe, uviache viumuke tena nusu saa, hapa ndipo wengi hukosa subira, oveni iwe imeshawaka moto mkali, dakika kumi na tatu au kumi na nne tu, vikianza kupata rangi ya dhahabu toa, vipake siagi uliyoipasha na punje nne za kitunguu saumu kilichotwangwa, kisiungue maana kikiungua kinakuwa kichungu, na papo hapo uvifunike kwa kitambaa safi ili mvuke wake wenyewe uvilainishe. Basi! Hakuna siri nyingine.

Nimeyaandika hayo yote na kuyatia ndani ya bahasha, ifunguliwe nikishazikwa. Lakini sina amani. Nikisema sasa, namvua marehemu sifa aliyozikwa nayo, maana niliificha siri hii kwa ajili ya heshima yake, nilitaka asifiwe. Nisiposema, binti ataendelea kumchukia mama yake kila Jumamosi. Nifanye nini?

Mwalimu Mkuu Mstaafu

*

Shikamoo, Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimekasirika, kwa hiyo pokea majibu ya hali zote mbili.

Pole kwa msiba, na pole kwa moyo. Nikuambie pia kwamba mimi nami nilisomeshwa Jumamosi miaka sita mfululizo, sikujua kwa kosa gani, na leo angalau nimepata mtu wa kumlaumu.

Sasa tusidanganyane. Unasema ulificha ili mama watoto asifiwe. Nani alikuomba? Sifa hiyo ulimpa au ulimtwisha? Mwanamke ametoka kazini amechoka, unampaka unga usingizini, kisha siku binti yake anamuuliza jambo la kweli inabidi amdanganye usoni, yote hayo ili tai yako isichafuke. Amekufa. Binti anamhukumu. Shahidi pekee ameketi hatua nne kutoka kwenye trei, na shahidi huyo amefumba macho akijifanya amelala! Usiniambie hiyo ni heshima, mzee wangu. Hiyo ni haya, na haya yako imemfunika mtu mmoja tu, wewe.

Bahasha ichane leo. Bahasha haijibu maswali. Binti ataisoma macho yamevimba, atataka kuuliza "kwa nini, baba?", na karatasi itabaki kumkodolea macho. Tena donge halifundishwi kwa barua. Mwenyewe umeshuhudia: hata lilipokuwa sawa mbele yake, hakulijua, akalizika kwa konzi tatu za unga.

Fanya hivi. Jumamosi hii, si ile nyingine, mwambie mwanao fundi umeme akufikishe jikoni, akuwekee kiti chenye mgongo karibu na meza, kisha atoke nje na mizaha yake. Nawa mikono. Itie ndani ya bakuli pamoja na ya binti yako. Usihutubie, najua umezoea kusimama mbele ya mistari ya watu. Acha mikono ianze, mdomo ufuate, na mdomo usichelewe: kabla trei haijaingia kwenye oveni, awe ameshajua. Akikasirika mwache akasirike, ana haki yake. Usianze kukohoa ili uonewe huruma.

Na liko jambo moja umelipita mbio. Siku ya daftari, mkeo alikutazama. Watu waliolala kitanda kimoja zaidi ya miaka arobaini hawatazamani bure. Alitaka nini? Mimi usinijibu. Mjibu binti yako.

*

Mshauri wangu,

Vimetoka! Vimetoka laini, ukikibonyeza kimoja kinazama halafu kinarudi polepole, mjukuu mmoja amekula vitano na kujificha chini ya meza na cha sita, na mimi ambaye daktari amenikataza siagi nimekula kimoja na nusu, na kama kitaniua basi nimekufa vizuri!

Kijana alinibeba mgongoni mpaka jikoni. "Baba," akasema, "wewe ni mwepesi kuliko mkoba wangu wa vifaa." Akaniketisha, akatoka kama ulivyoagiza, ila alibaki nyuma ya mlango, nilikiona kivuli chake.

Binti alishtuka. "Baba, unaingiza mikono wapi?"

"Kwenye bakuli."

"Humo mna donge, baba, hamna madaftari ya kusahihisha."

Nikamwambia leo tutafuata vipimo vyangu. Akacheka kwa pua, lakini akanipa nafasi. Donge lilipoanza kunata mkono wake ukakimbilia unga, nikauchapa kofi dogo.

"Baba! Linanipanda mpaka kwenye kiwiko!"

"Liache lipande. Kanda."

"Hili limeshaharibika."

"Kanda, mwanangu. Bado dakika nne."

Akakanda huku ananisema kwa sauti ya chini, na mara donge likaachana na bakuli lenyewe, likageuka chini ya kiganja chake, zima, laini kama shavu. Akapiga ukelele uliomfanya mdogo wake achungulie. "Liangalie! Baba, liangalie!" Mshauri, nimefundisha miaka thelathini na minne, na sijawahi kumwona mwanafunzi akielewa jambo kwa mwili mzima namna ile.

Lilipokwisha kuumuka nilikata kipande, nikakiviringisha mara tatu kwa viganja viwili, nikakilaza kwenye trei. Nikakata cha pili. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Cha tatu, cha nne. Nilipoinua macho, binti alikuwa ameacha kazi, anaitazama mikono yangu.

"Hivyo ndivyo vilivyokuwa," akasema. "Vile vile. Ncha moja nyembamba."

"Ndiyo."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Siku zote?"

"Kila Jumamosi."

Alianza kucheka mpaka akaketi sakafuni. "Masomo ya ziada! Wewe mzee, nilitolewa kwenye timu ya netiboli kwa ajili ya yale masomo ya ziada!" Nyuma ya mlango kijana naye akaanguka kicheko, akasema, "Na mimi nilirudia hesabu za sehemu miaka minne, baba, minne!" Tulicheka watatu, na mimi nikawa nalia pia, lakini kwa kuwa sote tulikuwa na unga usoni hakuna aliyeona.

Tukavifunika ili viumuke mara ya pili. Nusu saa ile ndiyo ngumu, nilikwambia. Binti alinyanyuka, akajipangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mama alinidanganya kukufichia wewe."

"Ndiyo."

"Siku ile nimeelewa. Ulikuwepo, angesemaje. Lakini baadaye? Miaka minne, baba. Nilikuwa nashinda naye peke yetu, namsuka nywele, namkata kucha. Kwa nini hakuwahi kuniambia?"

Ulisema nisikujibu wewe, nimjibu yeye. Nimemjibu. Nakuandikia tu kama nilivyomwambia, ili lisomwe na wengine wenye tai.

Nilimwambia: Siku ile ya daftari, ulipofunga mlango tu, mama yako aliniomba nimruhusu akuite urudi. Nilikataa. Aliniomba tena na tena kwa miaka yote hiyo, akaniapia kwamba hatasema bila ridhaa yangu, na kila mara nilikataa. Wiki aliyolazwa alinishika mkono akasema, "Niache nimwambie mwanangu, asije akabaki ananiona vibaya." Nikamwambia asubiri apone, atakwambia akirudi nyumbani. Asubuhi hiyo hiyo daktari alikuwa ameshaniambia kwamba hatarudi.