Majivu ya Mama Kwenye Samadi ya Nguruwe

Jumamosi. Jua la Bariadi leo halina utani hata kidogo. Nimefoka, nimecheka, nimelia kidogo, na naandika kabla moyo haujapoa.

Mdogo wangu Kabula anasoma Denmark. Amerudi nyumbani msimu huu na swali moja tu: samadi ya nguruwe inapoteza nitrojeni kiasi gani kule, na kiasi gani huku kwetu? Nitrojeni ndiyo inayoyapa mahindi ule ukijani. Anasema ile harufu ya bandani inayochoma macho ndiyo mbolea yenyewe inajiondokea hewani. Miaka yote tunaziba pua, kumbe tunayaaga mahindi!

Kule samadi wanaiweka kwenye tangi lenye mfuniko, na wengine wanaitia tindikali ili nitrojeni itulie humohumo. Huku tunairundika nyuma ya banda, jua linaifanya linavyotaka. Upande wa Denmark alishamaliza kupima. Umebaki huu wetu, rundo la mama. Kila siku yuko pale ameinama na mabeseni yake, kayafunika juu ya samadi, ndani kaweka vikopo vya dawa ya kunasa ile hewa. Bila vipimo hivi hana cha kulinganisha, na asipolinganisha hahitimu.

Leo asubuhi vipimo vya wiki vimeruka. Hewa iliyonaswa ni nyingi kupita wiki zote. Kabula akadhani dawa imeharibika. Akainua beseni, akakuta majivu.

Mama!

Alhamisi jumuiya ilisali kwetu. Sasa akina mama wenzake waje wakute nyumba inanuka nguruwe? Mama akafanya kama wanavyofanya wanawake wa hapa wakipata wageni: akachota majivu jikoni, akamwaga chooni, akamwaga bandani, akainua na mabeseni ya watu akamwaga, halafu akayarudisha vizuri kabisa, kwa adabu.

Na majivu, kumbe, ni kinyume cha tindikali. Wenzetu wanaifungia nitrojeni mlango, sisi tunaisindikiza.

Nikalipuka. "Mama, umemharibia mtoto masomo!"

Mama akakaa kwenye kigoda. "Nilikuwa naficha aibu tu," akasema, sauti ndogo mpaka nikaumia.

Kabula alinitazama mara moja, nikafunga mdomo. Akapiga magoti mbele ya mama, vilevile anavyomwamkia asubuhi. "Mayu, majivu huwa unamwaga lini?"

"Wageni wakija. Na kabla hujaja wewe, kila nikifagia. Uliposema tusiguse, nikaacha. Juzi nikashindwa."

Kabula akacheka mpaka akakaa chini kabisa. "Sasa nilikuwa napima kwa nani? Wiki zote nimepima rundo ambalo hapa kwetu halipo! Hili la majivu ndilo letu."

Akampigia mwalimu wake wa kule. Kiingereza kilitiririka, nikaambulia kidogo tu: mwalimu anataka vipimo vya majivu vitupwe. Kabula akakataa katakata. Huyu huyu aliyekuwa akiwakimbia kuku wangu kwa woga utotoni! Alieleza taratibu, bila kuomba omba, kwamba akivitupa atakuwa ameidanganya Denmark kuhusu mkoa wetu wa Simiyu. Mwishowe mwalimu akakubali asogeze safari ya kurudi, apime marundo mawili, la majivu na lisilo na majivu.

Nilijisikia fahari, nikalia kidogo.

Mama alikuwa akisikiliza muda wote. Akauliza lipi litafaa shambani. Kabula akamwambia lile lisilo na majivu, tena lifunikwe kwa turubai.

"Basi la majivu liwe lako la kupimia," mama akasema. "Langu lifunike. Jumuiya watavumilia."

Kisha akamshika kichwa. "Wabeja, ng'wanone." Asante, mwanangu. Kwa Kisukuma, kama alivyokuwa akitwambia tukiwa wadogo.

Jioni yote nimekuwa nikiwaza. Masomo ni ya Kabula, hasara ilikuwa ya Kabula, na hakupandisha sauti. Yeye anamwona mama mara moja kwa miaka kadhaa. Mimi ndiye ninayekula naye kila siku, ninayejua magoti yanavyomuuma akiinama kufagia, na mimi ndiye niliyemfokea mbele ya mdogo wangu.

Kesho kabla ya misa nitamwomba mama msamaha. Sijui nitaanzaje.