Njia ya Mafunjo

Jumamosi, 11 Septemba 1954
Basi la saa moja tena. Dereva ameshanizoea. "Mwalimu, leo tena kwa viboko?" Nikamwambia ndiyo, nitawapa salamu zako. Muleba tumekaa saa nzima wakipakia ndizi. Nimeteremka kabla ya Kimwani, penye kibao kipya cha hifadhi, nikavaa viatu vya mpira, nikaingia kwenye mafunjo. Safari ya tatu. Magogo mawili yameoza. Maji yameingia kiatuni. Mafunjo niliyokanyaga juma lililopita yamesimama tena, kana kwamba sikupita. Mguu wa mtu mmoja ni mwepesi mno. Sijali. Kesho narudi kwa njia hiihii.

Jumapili, 12 Septemba
Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Mwezi wa nne kiboko alimuua tata, baba yangu, kwenye njia hii. Tangu siku ile hakuna aliyepita. Watu wa upande wa ziwani, nyumba tisa, wanazunguka kwa milimani, saa tano au sita kwa miguu. Mawe, mama yangu, ana goti bovu, hawezi kuzunguka. Njia ya mafunjo hataki hata kuitazama. Kwa hiyo mama yangu amekaa kule kama kisiwani, na mimi mwanawe wa pekee niko Kitendaguro nafundisha watoto wa watu.

Sasa serikali imetangaza kwamba kinamasi ni hifadhi ya ndege. Marufuku kukata jani humo. Na njia isiyotumika itafungwa. Mkaguzi atakuja tarehe 20 Novemba kuona kama ina watu.

Basi itakuwa na watu. Mmoja tayari.

Jumatano, 22 Septemba
Mkuu wa shule kaniita. Mama wa Kizungu, si mbaya. Amesikia natembea peke yangu porini kila Jumamosi. Haipendezi kwa mwalimu wa kike. Nikamkumbusha kwamba mwezi wa saba yeye na wenzake walikwenda kwenye kinamasi hichohicho na darubini. Akasema wao walikwenda kutazama ndege. Nami nawatazama, nikasema. Mzungu akitembea kinamasini ni mpenda ndege. Mimi nikitembea ni mwehu. Hilo la mwisho sikulisema. Laiti ningelisema.

Jumamosi, 2 Oktoba
Mvua. Nimemwona. Masikio na macho tu juu ya maji, hatua thelathini. Nilitaka kumtukana kwa jina la tata. Nilimchukia kwa moyo wote na nilimwogopa kwa moyo wote. Akazama. Nikapita.

Nimefika kwa mawe nikitetemeka. Nimemwambia ni baridi.

Jumapili, 17 Oktoba
Baada ya ibada kule kwa mawe nilisimama mbele ya wanawake. Nikawaambia mlianza kwa kumwogopa kiboko, sasa mnaogopa kibao cha mbao. Hawakupenda. Kokugonza, jirani yetu mwenye mdomo, akanijibu: "Mwalimu, wewe una viatu. Sisi tuna miguu tu."

Nikavua viatu palepale.

Kurudi nimepita pekupeku, viatu begani. Kokugonza nyuma yangu, akinilaani mimi, kinamasi, na ukoo wangu wote mpaka barabarani. Lakini alifika. Kisha akageuka akarudi peke yake, akiimba kwa sauti ili kiboko asikie.

Jumamosi, 30 Oktoba
Leo tulikuwa saba. Walikuja kunipokea barabarani. Tumeweka magogo mapya, tuliyotoa nyumbani, si ya hifadhi. Njia imeanza kuwa na uso wake. Udongo umeshindiliwa.

Penye kibao tulimkuta mkungu, mkuu wetu wa kijiji. Yeye ndiye aliyeiambia serikali kwamba njia imekufa. Hataki kuonekana mwongo.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunatembea tu, waitu," nikamjibu kwa heshima.

"Bila mzigo? Bila shughuli? Mwanamke hatembei tu."

"Leo anatembea," akasema Kokugonza.

Ameapa kwamba mkaguzi atasikia neno lake, si la wanawake wasio na kazi. Nilikuwa na majibu kumi. Nimempa moja: aje na viatu vigumu.

Ijumaa, 19 Novemba
Nimesahihisha madaftari bila kuyaona. Ni kesho. Wiki kumi na mbili. Nikishindwa, mawe atazeekea kule, nami nitamwona Krismasi na siku ya msiba wa mtu. Siwezi. Sitaki. Mkungu na aseme atakalo, nyayo zipo.

Jumamosi, 20 Novemba
Lazima niandike leo.

Basi lilikwama kwenye tope la Muleba. Nilipoteremka nilikimbia. Njia ilikuwa safi, ngumu, ya kujivunia. Halafu, hatua mia mbili kabla ya nyumba za kwetu, ikapotea.

Majani. Mabichi, laini, yametandikwa unene wa kiganja, upana mzima wa njia, kama sebuleni siku ya kupokea mkwe. Mgeni wa heshima kwetu hatandikiwi kingine. Mawe na wenzake wamemtandikia mkaguzi! Nyayo zetu zote ziko chini. Na majani yenyewe wameyakata humohumo hifadhini.

Boti ya serikali ilikuwa imeshafika. Mkaguzi ni kijana wa Kizungu mwenye masikio mekundu. Alikuwa na karani wake na mkungu. Alisema atatazama mdomo wa njia, unatosha.

"Bwana anaona," akasema mkungu. "Majani matupu. Hapapitwi."

Karani akatafsiri. Mkaguzi akaandika. Kisha akauliza ni nani aliyekata majani.

"Mimi," akasema mawe, tena kwa furaha, kama aliyeulizwa nani kapika.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi akaandika tena, akatia buti zake kwenye majani. Mkungu akamfuata. Yaani alitaka kumfuata. Alipofika ukingoni alisimama, akainama, akavua viatu, akavishika mkononi. Hakufikiri. Miguu yake ilifanya ilivyofundishwa na mama yake. Wanawake wote waliona.

"Waitu," nikamwuliza kwa sauti, "mbona umevua viatu?"

"Utakanyagaje majani ya watu na viatu?" akanijibu kwa hasira. Kisha akasikia alichosema.

Karani alikuwa bado anafungua kinywa. Nilitafsiri mimi, Kiingereza cha darasani, pole pole, neno kwa neno: majani ya watu. Nikaongeza kwamba hakuna anayetandika mahali pasipoingia mtu. Nikapiga magoti, nikafunua majani kwa mikono yangu. Chini yake udongo mgumu kama sakafu, na nyayo: kubwa, ndogo, zinazokwenda, zinazorudi.

Mkaguzi alizitazama nyayo. Halafu akatazama buti zake. Hakuvua. Ila alitoka kwenye majani, akasimama pembeni.

Jumatatu, 22 Novemba
Sikuandika la mwisho. Boti ilipoondoka nilimgombeza mawe mbele ya watu. Nani alikutuma? Nikasema maneno mengine pia. Yeye akasema: "Mgeni anakuja kwenye njia ya baba yako, nimwache akanyage matope?"

Nikaondoka bila kumuaga. Najuta. Na bado nina hasira. Vyote viwili.

Alhamisi, 9 Desemba
Barua imefika. Njia itaachwa wazi kwa wenyeji, kwa miguu tu. Onyo kali kwa mwanamke aliyekata majani. Na uamuzi huu umefanywa, inasema, "kufuatana na maelezo ya mkungu."

Ya mkungu!

Nimecheka hadi walimu wenzangu wakageuka. Kisha nimepandwa na hasira, nikatoka nje. Kisha nikacheka tena. Achukue sifa, azipeleke nyumbani azichemshe. Njia iko wazi.

Jumamosi, 11 Desemba
Sikwenda. Nina mafua mabaya, na kwa kweli nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia mawe.

Saa kumi nikasikia hodi. Ni mawe, na Kokugonza nyuma yake na mzigo wa ndizi begani. Wameshuka kwenye basi. Niliwatazama tu, nikashindwa kuwapisha mlangoni. Nikauliza wamepita wapi.

"Ulikopita wewe," akasema mawe. "Pale pa baba yako nilisimama. Nikamsalimu. Nikapita."

Nilimpa maji ya kunywa. Hakutaka chakula kwanza, alitaka kulala kidogo. Nikamwonyesha kitanda changu.

Kokugonza yuko uani anamenya ndizi na kulalamikia kisu changu. Mawe amelala. Matope ya kinamasi yamekauka miguuni mwake hadi magotini, na shuka nilitandika jana, jeupe. Nimeketi hapa karibu yake. Nimemwacha hivyohivyo.