Shangazi, Pembe ya Ugoro Imepatikana

Kanyenye, Tabora

Shangazi Milembe,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na ukimya huo bado sijauzoea, lakini barua hii sijaiandika ili tulie. Kaa vizuri huko uliko. Pembe ya ugoro ya Babu imepatikana! Imepatikana pale pale uliposema, juu ya mninga, na aliyeitoa ni Baba Mdogo Yohana kwa mkono wake mwenyewe. Naam, Yohana, mdogo wako. Cheka kwanza, nitakungoja.

Umemaliza? Haya. Siku hizi watoto wa hapa uani wananiomba kisa hiki kila nikikaa kwenye cherehani, na mimi hushona huku nasimulia. Ngoja nikusimulie kama ninavyowasimulia wao, ili nikikosea unisahihishe, maana ulikuwa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Nawaambia hivi. Babu Maganga, baba yako, ujanani alikuwa mpagazi wa misafara, akibeba pembe za ndovu kwa mguu kutoka huku kwetu hadi Bagamoyo. Alipozeeka akatulia Goweko, akawa mrina asali. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo aliyeletwa na kazi ya reli, akaoa huku na kusahau kurudi pwani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara hiyo, kwa hiyo wawili hao hawakuwahi kusalimiana kwa heshima hata siku moja. Babu akiingia kwa Kondo anatoka na anachokitaka, jogoo au mkeka, bila kuomba. Kondo akija kwetu anafunua vyungu kama nyumba ni yake. Wakianza kutukanana, majirani wanaacha majembe waje kusikiliza.

Asubuhi ya siku aliyokufa, Babu alirudi kutoka kwa Kondo na shoka la Kondo begani, anacheka peke yake, akaliacha lake ndani. Wewe ukamjazia ugoro katika pembe yake ya swala, naye akaenda porini kwenye mzinga wake. Jioni wakamkuta amelala chini ya mninga, amekatwa na shoka lile nyuma ya shingo. Pembe ya ugoro haikuonekana.

Halafu nawaambia kuhusu Mzee Kondo, na watoto hawajui wacheke au walie.

Maana Kondo alifanya kazi ya mtani. Maiti ilipofikishwa nyumbani alijitupa chini katikati ya wafiwa, akapiga kelele, “Nimemuua mimi! Nimuache mpaka lini? Kanimalizia kuku wangu wote!” Ulisema hata Bibi alicheka, na machozi yanamtiririka. Ndivyo mtani anavyotufuta machozi, hakuna asiyejua. Hakuna, isipokuwa askari mmoja mgeni aliyekuwa amesimama mlangoni. Akauliza, “Na shoka hili la nani?” Kondo akajibu kwa madaha, “Langu!” Akafungwa pingu kabla kaburi halijachimbwa.

Nawe ukaenda mbele ya Bwana Shauri, Mzungu aliyekuwa akiamua kesi, kumtetea. Mkalimani akakuuliza kama Kondo alimpa Babu shoka. Ukasema hapana. Alimwazima? Hapana. Basi marehemu aliliiba? Ukamwambia baba yako si mwizi, ukaambiwa ukae chini. Kila ulipofika hapo katika kusimulia ulikuwa unasimama, kana kwamba bado unakataa kukaa.

Walimwachia baadaye kwa kukosa shahidi. Muuaji mwingine hakupatikana, na kesi ikabaki hivyo. Kondo akarudi Goweko, na ukoo wetu ukamwadhibu kwa namna ambayo nikiikumbuka naona aibu. Tukawa na adabu. “Shikamoo, Mzee Kondo.” “Pole na kazi, Mzee Kondo.” Hakuna aliyemtukana tena. Hakuna aliyemwibia hata yai. Wewe peke yako ulikuwa ukipita kwake unachukua papai mtini na kumwita mla nazi, naye alikuwa anasimama mlangoni akikutazama mpaka unapotelea njiani.

Uliniambia mara nyingi, “Vero, yule mzee atakufa akiwa muuaji, na mimi nimekaa tu.” Ndiyo maana hukukaa.

Nadharia yako ilikuwa fupi. Babu alikuwa na mazoea: akipanda mti hukaa kwanza kwenye panda ya matawi, hunusa ugoro, huichomeka pembe katika shimo la mti, hupiga chafya, ndipo huufungua mzinga. Shoka analining'iniza begani, makali nyuma. Siku ile alipiga chafya kubwa, akateleza na kuanguka chali juu ya shoka. Hakuna aliyemuua. Na pembe ya ugoro hakuiba mtu, bado iko huko juu.

Baba Mdogo Yohana alikuwa hataki kabisa kusikia. “Baba yangu! Aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani, afe kwa chafya?” Kwake yeye ilikuwa bora baba auawe, maana kuuawa kuna heshima yake. Na bila yeye kuruhusu, nani angegusa mti ule? Ulikuwa mzinga wa marehemu, watu wanapita mbali nao, na wewe mwanamke hukuruhusiwa kuukwea.

Unaikumbuka siku ya koti? Mimi nikiikumbuka nachoma kidole na sindano. Ulijaza pumba kwenye gunia, ukalivika koti la Jumapili la Yohana, ukalining'inizia shoka begani, tukalivuta kwa kamba hadi juu ya mwembe wa uani na kuliachia. Likaanguka kifudifudi. Tukalivuta tena, likaanguka ubavu. Ukawa unalisema, “Anguka vizuri wewe, usinitie aibu!” Mwisho likaanguka chali, na shoka likapasua kola nyuma ya shingo, pale pale. Ulipiga vigelegele. Yohana naye akatokea kutoka kanisani, akaona mtu mwenye koti lake amelala na shoka shingoni, akapiga ukelele ambao sijausikia kwa mwanamume mwingine. Akatununia mpaka Krismasi, na ya Babu hayakuzungumzwa. Yalizungumzwa ya koti tu.

Halafu ukaondoka. Shangazi, nakwambia kweli, uchungu wenyewe ulinipata msibani, si ulipokata roho. Msiba wako ulikuwa kimya kama ofisi. Watu waliketi, padri akasali, wakaketi tena. Mzee Kondo alikuja na kanzu safi, akakaa nyuma kabisa, akasema kwa sauti ndogo, “Poleni sana, wafiwa.” Poleni sana! Mtani! Nilitaka kumtikisa. Nilimwona Baba Mdogo Yohana akimtazama, halafu akitazama jeneza lako, halafu akiinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anangoja utukane wewe.

Baada ya siku chache akaniita Goweko. Nikamkuta ameshika kamba. Akasema, “Twende nikapande huo mti, dada yangu aniache nipumzike.”

Laiti ungemwona! Tumbo lile lilitangulia, mwenyewe akafuata. Alipofika katikati akakwama, akaanza kusali, kwanza kwa Kilatini cha misheni, kisha kwa Kinyamwezi, na mwisho akawa anakulaumu wewe kwa jina. Mimi chini nilikuwa nimeshika kanga mdomoni. Alipofika kwenye panda akaingiza mkono ndani ya shimo la mti. Akautoa mkono, na ndani yake kuna pembe ndogo ya swala, nyeusi kwa uchafu, na kizibo chake cha ngozi.

Wewe ungeishika tu ukashukuru Mungu. Yohana akaizibua, akainusa.

Shangazi! Chafya aliyopiga ilirusha kofia yake. Mguu ukateleza, mkono mmoja ukaachia, nikaona kisa chote cha Babu kinataka kurudiwa mbele ya macho yangu. Akaukumbatia mti kwa mikono na miguu, akabaki hapo akihema. Kisha nikasikia sauti ndogo kutoka juu: “Vero. Dada alisema kweli.” Mti mzima ukaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kulia alilia baadaye, tulipokuwa tumekaa chini.

Hatukupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mzee Kondo, akaingia uani bila hodi, akamkamata jogoo mkubwa na kumtia kwapani, akageuka kuondoka. Kondo alitoka, akasimama mlangoni na fimbo yake. Yohana akamwambia, “Unatazama nini, mla nazi?”

Mzee yule akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka watu wa stesheni wakageuka: “Mwizi! Jamani, punda wangu wa Kinyamwezi ameniibia jogoo!” Na machozi yanamdondokea kwenye kanzu. Nilimpa ile pembe. Aliishika kwa mikono miwili, akaiuliza, “Ulikuwa wapi wewe?” kama mtu anavyomwuliza mtoto aliyepotea.

Jumapili tulikuja kwako sote, nadhani ulisikia fujo. Kondo alisema ana deni la kazi, msiba wako ulipita bila mtani. Akajilaza juu ya kaburi lako akadai hatoki mpaka apewe yule jogoo akiwa amepikwa. Tukakubali. Ndipo akainuka, akajipangusa mchanga, akatutazama mmoja mmoja. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua anaogopa kukisema. Yohana akamwitikia kwa kichwa.

Akapaza sauti: “Huyu nimemuua mimi! Maneno yake yalikuwa mengi!”

Tulicheka, Shangazi. Tulicheka mpaka tukashikana, mpaka Yohana akakaa chini kwenye nyasi na suruali yake ya kanisani. Hakuna aliyeogopa.

Nimemshonea Yohana koti jipya, kola nimeitia kitambaa mara mbili. Pembe ya ugoro iko kwa Kondo, naye haruhusu izibuliwe na mtu yeyote aliyesimama.

Lala salama, mama yangu wa pili. Nakuahidi jambo moja. Mzee Kondo amezeeka, na siku yake itafika. Siku hiyo sitamngoja mwanamume yeyote wa ukoo huu. Nitajitupa chini mbele ya wafiwa wote, na mimi ndiye nitakayesema nimemuua.

Wako,
Veronika