Skrubu Nne za Kichujio

Jumatatu, 14 Julai
Ngazi za udongo kutoka Bigwa hadi chumba cha mtambo wa redio ni 612. Leo nimehesabu 609. Mvua imekula tatu. Saa moja kasoro asubuhi, nyuzi 13 ndani ya chumba. Nguvu inayokwenda kwenye antena wati 480, inayorudi wati 3. Safi. Nimepuliza vumbi kwenye feni, nimeshuka.

Ofisini nimekuta tangazo. Wakaguzi wa masafa wanakuja tarehe 25, na redio imeajiri injinia kutoka Dar. Miaka kumi na moja nimeulea mtambo huu. Habari nimeisoma ukutani, bega kwa bega na mfagizi.

Jumanne, 15 Julai
Injinia anaitwa Frank. Mpole, viatu vyeupe. Kaniamkia vizuri, "shikamoo mama", kisha kaniomba funguo. Meneja alisimama pembeni anachezea simu yake. Nimezitoa. Kuanzia leo mimi ni wa studio: maikrofoni na nyaya. Frank kaniuliza nilisomea wapi. Nimemjibu, kwenye redio mbovu za watu. Kacheka, kadhani utani.

Hakuuliza kuhusu kichujio. Sikumwambia.

Kile kichujio nimekiunda kwa mikono hii. Sanduku la alumini, vyumba vinne ndani, skrubu nne juu. Mtambo wowote ukirusha matangazo hutoa na uchafu pembeni ya masafa yake. Kichujio kinapitisha ya kwetu, kinazuia uchafu. Ila kila skrubu lazima isimame kwa kimo chake, na vimo vya joto si vya baridi. Namba zake zote ziko ukurasa wa mwisho wa daftari hili. Hapo tu. Makusudi. Asiye na cheti lazima abaki na kitu.

Alhamisi, 17 Julai
Sista Anjela wa zahanati ya juu kanipigia. Kule mtandao haufiki mpaka apande jiwe nyuma ya migomba, kwa hiyo akipiga ujue kuna jambo. Tangu jana asubuhi simu yake ya upepo, ile ya kuitia gari la wagonjwa kutoka mjini, inamletea mtangazaji wetu. "Mimi naita gari, naletewa salamu za wasikilizaji! Hebu mwambie huyo kaka anipishe." Nimecheka. Halafu nimeacha kucheka. Uchafu unapita.

Nimemwambia meneja. Kasema Frank analifanyia kazi.

Ijumaa, 18 Julai
Frank kabadilisha nyaya zote. Uchafu upo. Inayorudi wati 58. Hamsini na nane! Kwenye kikao kasema tatizo ni "kichujio cha kienyeji", na kipya kitachukua wiki tatu kufika. Meneja kanitazama kama nimemlisha chakula kilicholala.

Hesabu yangu: kufika 58 skrubu zimehama si chini ya milimita tatu. Hazihami zenyewe. Wakaguzi wakija wakakuta hivi redio inafungwa, na jina litakalotajwa ni la aliyekiunda.

Ningeweza kunyoosha mkono nikasema namba ninazo. Sikunyoosha. Waje waniombe. Nimerudi nyumbani, nimepika maharage, nimekula bila hamu.

Jumapili, 20 Julai
Sista kapiga tena. Sauti imechoka. Jana kulikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto kakaa vibaya. Sista kaita gari kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano. Mjini hawakumsikia, na kwenye jiwe, kwa mvua ile, mtandao haukushika. Wanaume sita wakambeba yule mama kwa machela mpaka barabarani, masaa manne ya kuteremka, utelezi mtupu. Wamefika. Mama mzima. Mtoto mzima, wa kike, kilo 2.9.

Hakunilaumu. Hajui kama kuna ukurasa wa mwisho.

Nimekaa na hizi namba mchana kutwa. Masaa mawili ya kuita. Masaa manne ya machela. Na dakika arobaini, ambazo ndizo ninazohitaji kukiweka sawa. Ijumaa nilikuwa nazo. Nikaenda kupika maharage.

Leo najichukia.

Jumatatu, 21 Julai
Sikuomba ruhusa. Saa moja nimemkuta Frank mlangoni kwa mtambo, anatetemeka kwa baridi, viatu vyeupe vimeshakuwa rangi ya udongo wa Uluguru. Nimemwambia namba za kichujio ninazo. Hakuuliza kwa nini sikusema. Kafungua mlango.

Skrubu zote nne kimo kimoja. Sawasawa, kama askari gwarideni. Tena zinang'aa.

"Nilizikuta hivi hivi, mama. Nikajua ndivyo ulivyoziweka."

Nimekwenda kumwita Mzee Mloka, mlinzi, mwenye ufunguo wa kufagilia. Nimemwamkia, nimemwonyesha. Jumanne jioni, aliposikia wageni wanakuja, alifanya usafi. "Zilikuwa hii juu, hii chini, kama meno yangu, mwanangu. Nikaona aibu. Nikazipanga." Baadaye aliposikia mimi ndiye ninayelaumiwa, akaogopea kibarua chake. Akanyamaza.

Maneno ya kumfokea nilikuwa nayo, ya moto. Sikuyatoa. Maana nati za kuzifungia skrubu nilizilegeza mwenyewe mwezi wa tano, baridi ilipoanza, ili nizigeuze haraka. Sikuzikaza tena. Ukutani hakuna karatasi. Mzee angejuaje kwamba kule kupishana ndiyo kazi yenyewe? Na kama ni kunyamaza, yeye kanyamaza kwa hofu. Mimi kwa kiburi.

Nimefungua ukurasa wa mwisho mbele yao wote wawili. Vimo vya baridi: 11.5, 7, 8.5, 12. Frank kashika kipimo, mimi bisibisi. Robo mzunguko, subiri, robo tena. Inayorudi 58. Kisha 31. Kisha 14, ikakwama hapo mpaka nilipoirudia ya pili. Kisha 6. Saa mbili kasoro dakika tano: 3. Nati nimezikaza kwa spana, nikazijaribu kwa mkono, nikazikaza tena.

Frank kazinakili namba. Nimemwachia anakili na zile za joto.

Ijumaa, 25 Julai
Wakaguzi wamepima tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wametupitisha. Meneja kasimama kikaoni kampongeza Frank. Frank kasema si yeye, ni mama huyu. Meneja kasema, "Sawa, sawa, ni timu." Imeniuma, sidanganyi. Miaka kumi na moja, halafu timu.

Lakini oda ya kichujio kipya cha wiki tatu wameifuta. Na Frank kanichongea ufunguo.

Jumapili, 27 Julai
Nimepanda na kopo dogo la rangi nyekundu. Nimeandika upande wa ndani wa mlango wa chumba, herufi kubwa, safu mbili: BARIDI na JOTO. Chini yake: SKRUBU HAZILINGANI. ZIACHE. Mzee Mloka kaisoma kwa sauti, kacheka mpaka kakohoa. Kisha kafuta vumbi juu ya sanduku, taratibu, kapita kando ya skrubu moja moja.

Sista kapiga kutoka kwenye jiwe lake. Aliita mjini leo kujaribu tu, wakaitika mara ya kwanza. Kasema sasa anamkosa yule kaka wa salamu.

Ukurasa wa mwisho wa daftari nimeuchana, nimeubandika kwenye mlango.

Nyuzi 14. Inayokwenda 480, inayorudi 3.

Wakati wa kushuka nimehesabu ngazi. 612. Zile tatu zimechimbwa upya, na kingo zake zimewekewa mawe. Mzee hakuniambia kitu.