Mshipa wa Kushoto

Jumapili, 7 Septemba 2025
Bagamoyo, nyumbani. Mama kawaambia majirani napiga picha hospitalini. Nikamweleza upya: napitisha mrija mwembamba kama tambi kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye ugonjwa, bila kupasua. Akafikiri kidogo. "Kumbe fundi bomba." Sawa. Miaka yote hii ya shule — fundi bomba.

Alhamisi, 11 Septemba
Dar, kazini. Kaja Mina, mkulima wa mananasi Kiwangwa, miaka thelathini na sita. Uvimbe kwenye kizazi, damu haikatiki. Hospitali alikotoka wamemwambia kizazi kitolewe. Hana mtoto. Sisi tunaweza kuziba mishipa inayolisha uvimbe, usinyae. Akauliza nani atafanya. Dk. Mahmoud, mwalimu wangu, akanionyesha mimi. Sikuambiwa kabla!

"Umeshafanya wangapi, dokta?"

Nikamwambia kweli: nimesaidia arobaini na mmoja. Kushika usukani mwenyewe, yeye wa kwanza. Akasema ataongea na mumewe.

Jumamosi, 13 Septemba
Mina hajapiga. Nimefua, nimepika, nimeangalia simu. Angekuwa dada yangu ningemshauri nini?

Jumanne, 16 Septemba
Kaja. Mume kakaa nje na tasbihi.
Ganzi, sindano, waya. Mshipa wa kizazi wa kulia — safi, kama nimezaliwa na kazi hii. Kushoto mshipa umejikunja. Waya ukakataa mara tatu. Jasho ndani ya aproni ya risasi, ile ya kuzuia mionzi. Dk. Mahmoud kakunja mikono, hagusi kitu. "Rudisha nyuma. Anza upya."

Mina yu macho. "Mbona kimya, dokta?"

"Kulia tayari, dada. Kushoto kunanisumbua."

"Basi sumbuka nako. Mimi nipo."

Mara ya nne ukapita. Nikasukuma chembechembe za kuziba taratibu, damu ikasimama kwenye skrini. Nimekula wali sahani mbili.

Jumatano, 17 Septemba
Wodini, saa nne asubuhi. Mina ana maumivu, tumeyatarajia. Dawa imeanza kumshika. Kauliza, "Nitazaa?"

Nikasema kizazi kipo. Uvimbe tutaupima baada ya miezi mitatu. Mengine sijui.

"Hujui kabisa?"

"Sijui, dada."

Kasinzia kanishika mkono wa kulia. Naandika kwa wa kushoto, mwandiko wa chekechea. Dk. Mahmoud yuko mlangoni: mgonjwa mwingine keshalala mezani, anataka nije nishike usukani mimi. Nikivuta mkono Mina ataamka. Naweka kalamu, namwonyesha kidole kimoja — dakika moja.