Kidonge cha Mjomba Kalinga

Ruaha Mbuyuni,
Iringa.
22 Juni 1975

Mpendwa kaka Edmund,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe, wifi Lusia na watoto hapo Ilomba hamjambo, na baridi ya Mbeya haijawazidi. Sisi tu wazima, na mama sasa hajambo, tofauti na ulivyosikia kwa watu wa malori kwamba hatapona.

Unajua mama hunywa nusu kidonge kila siku kwa sababu moyo wake unapiga ovyo. Mjomba Kalinga, mdogo wake, ana ugonjwa huohuo, ila yeye hunywa kizima. Vya mama vilipokwisha, mjomba akamgawia vyake. Mama naye akaanza kumeza kizima. Nilipomzuia alinijibu, "Tumenyonya ziwa moja. Dawa itatubaguaje?"

Haukupita muda akawa anatapika na kukataa chakula. Akanung'unika kwamba nampikia unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na kumbe ulikuwa unga wetu mweupe. Nikadhani anadeka tu. Kisha akaanguka bustanini kwenye vitunguu. Nilipomshika mkono, mapigo yalikuja mojamoja, kwa kuchelewa sana. Tukampandisha lori hadi hospitali Iringa.

Daktari alimsimamishia dawa mara moja. "Dawa ni moja, miili siyo," alituambia. "Mama huyu ni mzee, figo zake zinachelewa kuitoa. Tena wanawake wengi wana miili midogo, kipimo cha mwanaume huwazidi. Dawa imemjaa mwilini, ndiyo maana anaona kila kitu kuwa cha njano."

Mjomba alipofika wodini alisimama mlangoni, akashindwa kuingia. Mama akamwita, "Njoo, Kalinga. Hukutaka kuniua. Ulinipa ulichokuwa nacho." Mjomba akakaa kitandani kwake akalia mbele ya watu. Mimi nikatoka nje.

Tumesharudi nyumbani. Mama amerudishiwa nusu yake, na kila asubuhi mjomba anakuja, anakikata kidonge kwa wembe na kumngoja ameze, ndipo anywe chake.

Wasalimie Fanueli na mama mkwe wako. Mjomba anakusalimu sana. Mama anasema usiombe ruhusa ya msiba kazini. Omba likizo, uje umwone anavyokula.

Mungu awatunze nyote.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Evarista